Kiberiti na Kichwa cha Mama

Mchora mabango ninayetaka kukueleza habari zake ana jina alilopewa na wazazi, lakini ukilitaja mtaani watu watakukodolea macho. Ulizia Kiberiti. Hapo utapelekwa mpaka mlangoni, na huenda ukaonywa njiani, maana wengi wanaolisikia jina hilo hudhani ametungiwa kwa sababu ya hasira zake. Na hasira anazo, tusidanganyane. Mwanamke yule ukimgusa pabaya anawaka papo hapo. Ila jina halikutoka huko. Limetokana na kiberiti chenyewe, kile cha kuwashia jiko, ambacho tangu ujana wake hakikosi mfukoni mwa koti lake la kazi, na ndani hakina hata njiti moja.

Wakati ule alikuwa bado anajifunza kwa fundi mmoja mzee, bingwa wa herufi. Herufi zake ungedhani zimepigwa pasi. Lakini vichwa, jamani. Kichwa kwa mzee yule kilikuwa duara kama sahani: uso unatazama mbele, macho mawili, masikio mawili, kwisha kazi. Akitaka kubadilisha kidogo alichora mtu wa ubavuni, pua upande huu, kisogo upande ule. Mtu anayegeuka, anayeinama, anayetazama juu, huyo katika mabango ya mzee hakuwahi kuzaliwa. Mwanafunzi wake alipouliza kwa nini, akaambiwa wateja wanataka uso mzima, si kipande, na aache kuuliza maswali akaoshe brashi.

Akaziosha. Lakini swali lilikataa kutoka, likamkaa rohoni, mpaka asubuhi moja alipokuwa anangoja chai ichemke. Mkono mmoja ulikuwa na penseli, mwingine umeshika kiberiti. Akachora macho kwenye upande mpana, pua katikati, mdomo chini, na sikio akaliweka ubavuni, kule kunakokwaruziwa njiti. Kisha akakigeuza kidogo tu. Jicho la mbali likawa jembamba kuliko la karibu. Sikio moja likabaki, la pili likapotelea nyuma. Akakiinamisha, akaona juu yake, na uso ukafupika. Akakiinua, sehemu ya juu ikazama, ikajitokeza ya chini, pale ambapo mtu angekuwa na kidevu na koo. Chai ikafurika, ikazima jiko, na yeye amekaa pale pale anageuza kiberiti huku anacheka peke yake.

Kwa ufupi aligundua kwamba kichwa si sahani. Kichwa ni sanduku. Kina mbele, kina ubavu, kina juu na kina chini, na kabla hujathubutu kuweka jicho wala pua ni lazima ujue wewe umesimama wapi: unakitazama kutoka juu, unakitazama kutoka chini, au mko sawasawa. Ukishalijua hilo, unachora sanduku, unapitisha mstari wa macho unaolizunguka lote kama kamba ya mzigo, unapitisha mwingine wa kugawa uso katikati, na kila kitu kinajipeleka chenyewe mahali pake. Sanduku likilala, macho yanalala nalo. Hakuna kiungo kinachobaki nyuma.

Tangu siku hiyo hajachora kichwa bila sanduku. Wapita njia wakiona ubao umejaa maboksi matupu humtania, dada, unachora watu au unapakia mizigo? Naye huwajibu walete na vichwa vyao avipakie, nafasi ipo.

Mteja wa kwanza kugombana naye alikuwa kinyozi wa pale kona. Alitaka bango la kijana aliyenyolewa vizuri. Kiberiti akamchorea kijana anayegeuka, kama vile ameitwa na mtu barabarani, ule mstari wa wembe ubavuni umenyooka safi kabisa. Kinyozi akalitazama bango, akainama, akachungulia hadi nyuma ya ubao. Akauliza sikio la pili liko wapi. Akajibiwa liko upande wa pili wa kichwa, mahali pake pa siku zote. Kinyozi akasema hayo anayaelewa, hajaja na akili za kuazima, lakini yeye ni mtu wa kushika wembe, na wateja wakiona juu ya mlango wake kijana mwenye sikio moja, watafikiri nini? Hapo hata mimi namhurumia kidogo. Kiberiti hakumhurumia. Alikataa katakata, akasema kama shida ni masikio akafuge sungura. Bango likapandishwa vilevile, na hadi leo kinyozi yule anaitwa Sikio Moja. Mwanzoni alilichukia jina. Baadaye akaona linaleta watu, akaagiza liandikwe mlangoni, na aliyeliandika unamjua.

Basi ndivyo alivyo. Haombi radhi kwa sikio lisiloonekana.

Lakini kichwa alichokijua kuliko vichwa vyote vya mji ule kilikuwa cha mama yake, na hicho alikijua kutoka juu. Mama alikuwa fundi cherehani. Mume alimfia watoto wakiwa bado wadogo, Kiberiti na kaka yake mkubwa, na toka hapo mama akaketi nyuma ya cherehani na kuinama. Sare za shule, mapazia, mashati ya watu wa ofisini, gauni la bi harusi, kila kitu kilipita chini ya sindano ile. Mtoto akija na swali alijibiwa bila kichwa kuinuka, tena mdomo umebana pini. Akija na jeraha alipulizwa kidonda, akafungwa kitambaa, na mguu wa mama ukarudi kwenye pedali. Watoto wa wenzao walilelewa na macho ya mama zao, wao walilelewa na utosi. Mama mwenyewe aliwatambua wateja kwa viatu. Kiatu kikiingia mlangoni alikisalimia kwa jina la mwenyewe na hakukosea.

Si kwamba hakuwapenda. Aliwapenda kwa kuinama, maana ndiyo njia aliyokuwa nayo. Ila mwili nao una kumbukumbu, na ulipofika uzee shingo ilikuwa imekwisha kuzoea. Hata akitembea alitembea ameinama, kama mtu aliyeangusha kitu. Macho yakaanza kutoka machozi bila kilio. Ikafika hali kwamba mwanamke aliyeshona nusu ya mtaa hawezi tena kuliona tundu la sindano, inabidi aite mtu amtungie uzi.

Siku moja wakiwa mezani na wanawe wote wawili, mama akasema akimaliza sare alizonazo ataifunika cherehani. Anataka kukaa kibarazani atazame watu. Alisema kwa sauti ndogo, huku anatoa mawe kwenye mchele, lakini alisema, na Kiberiti alimsikia vizuri. Kaka naye alimsikia. Akacheka kwa upendo, akamwambia mama asiseme maneno ya kizee, mtu akikaa bure ndipo anapozeeka.

Huyo kaka usimwone mtu mbaya. Alikuwa muuza vitambaa, mtu wa suti na kalamu mfukoni, na mtaani walimwita Mkurugenzi, jina alilolipokea bila kulipinga. Mama akiugua yeye ndiye aliyekimbia wa kwanza. Shida yake ilikuwa moja: tangu baba alipofariki aliambiwa sasa wewe ndiye kichwa cha nyumba, na alikuwa mtoto, akaamini kwamba kazi ya kichwa ni kufikiri kwa niaba ya wengine wote. Hakuna aliyewahi kumwambia kichwa nacho kina masikio.

Akapata chumba cha duka barabara kubwa, chenye dirisha la kioo. Akanunua cherehani mpya ya umeme. Akatangaza kwa marafiki kwamba anafungua nyumba ya ushonaji kwa heshima ya mama yake, itaitwa kwa jina la mama, na mama mwenyewe atakaa pale mbele, nyuma ya kioo, anashona watu wakimwona. Kila mtu alijua isipokuwa mama. Yeye alipata habari kwa mteja aliyekuja kupunguziwa sketi na kumpongeza.

Kiberiti alipomwendea kumuuliza kama amekubali, mama alikata uzi kwa meno. Akasema mwanawe amemfanyia heshima kubwa mbele za watu, sasa yeye atasemaje? Kiberiti akamwambia aseme hataki, neno lenyewe fupi tu. Mama akatikisa kichwa.

"Yule ndiye mkubwa, mwanangu. Hebu nitungie uzi."

Kiberiti akautunga. Alijichukia kwa kuutunga, lakini angefanya nini, amnyime mama yake uzi? Akaenda dukani kwa kaka moja kwa moja, koti la kazi mwilini, akamkumbusha maneno ya mezani. Mama amechoka. Mama anataka kibaraza. Kaka alikuwa anapima mahali pa kuweka rafu, akamjibu bila kugeuka kwamba yeye ndiye anayejua kinachomfaa mama, na kwamba amekuja wakati mzuri, ubao wa bango uko pale ukutani, umeshapakwa nyeupe. Akampa na picha ya kufuatisha, ile ya kitambulisho. Anataka uso mzima, macho mawili, masikio mawili, na mama atabasamu. Akasisitiza masikio mawili kwa kunyoosha vidole, maana habari za Sikio Moja zilimfikia. Kisha akasema asipochora yeye atamwita mchoraji mwingine, wapo tele.

Hapo Kiberiti alitaka kuutupa ule ubao barabarani. Akajizuia, akaubeba mpaka kibandani kwake. Alijua vizuri mambo yanavyokwenda: bango likishapanda na watu wakishapiga makofi, mama hatatoka tena nyuma ya kile kioo. Atashonea pale mpaka azikwe, na watu watasema alikuwa na bahati ya kupata mtoto mwema.

Akajaribu kuchora alivyoagizwa. Mimi nasema kweli, alijaribu. Alichora sanduku lililosimama wima, akapitisha mistari yake, akafuata picha ya kitambulisho hadi akaumaliza uso. Masikio mawili yalikuwa pale, kila moja limekaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa pua, hakuna la kulalamikia. Tabasamu nalo alilibandika. Jirani yake muuza ndoo akapita, akasimama, akalisifu. Akasema amependeza sana, ni mke wa waziri? Jirani huyo amenunua nguo kwa mama miaka yote, na hakumjua. Kiberiti akachukua kitambaa, akakilowesha tapentaini, akamfuta mke wa waziri kuanzia paji la uso hadi kidevu.

Halafu akaenda nyumbani kwa mama na kusimama mlangoni. Mama alikuwa anashona. Aliona viatu, akavisalimia kwa jina la mwenye navyo, akaendelea. Kiberiti akatoa kiberiti mfukoni, akakinyoosha mbele ya jicho lake, akaanza kukiinamisha taratibu kutafuta kilipo kichwa cha mama. Akainamisha, bado. Akazidi kuinamisha, bado. Alipofika mahali ambapo ule uso wa penseli ulikuwa karibu kutoweka wote na kinachoonekana ni upande wa juu wa kiberiti, ndipo vikalingana. Akalia. Hakulia kwa sauti, alilia machozi tu, akayafuta kwa mkono wenye rangi ya buluu na kutoka na alama shavuni. Hasira aliyokuwa nayo kwa kaka ikamgeukia na yeye mwenyewe, maana kichwa kile amekiona hivyo maisha yake yote na hakuwahi kukiuliza kama kinauma.

Akarudi kibandani, akasema liwalo na liwe.

Akachora sanduku limeinama. Upande wa juu akaupa nafasi kubwa kuliko uso, na huo ukawa kilemba, ile mikunjo yake yote mpaka fundo la nyuma. Chini ya kilemba paji la uso, chini yake kope zilizoshuka, pua fupi, na mdomo ukawa mstari mdogo unaojificha pamoja na kidevu. Macho hayakuonekana. Masikio yalikaa juu, kupita usawa wa nyusi, kwa sababu ndiko yanakokwenda kichwa kikiinama, umpende mchoraji usimpende. Alimchora kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mteja yeyote. Hakukuwa na kejeli hata kidogo katika picha ile, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kuitazama.

Kaka hakumtisha. Wageni wake hawakumtisha. Aliyemtisha alikuwa mtu mmoja, mama mwenyewe. Je, akijiona hivyo akaona aibu? Akisema mwanangu, umenivua nguo mbele za watu? Mawazo hayo yalimfanya ashike kitambaa cha tapentaini tena na tena, na kila mara akakirudisha mezani. Mwisho aliufunika ubao kwa shuka na kuupeleka.

Siku ya ufunguzi barabara ilijaa. Walikuja wafanyabiashara wenzake kaka, majirani, jamaa wa karibu na wa mbali, hata Sikio Moja alikuja na wembe wake mfukoni. Mama alikuwa ndani, ameshakalishwa nyuma ya cherehani mpya, futi ya kupimia shingoni, na kwa kuwa hajui kukaa bure alikuwa ameshaanza kupinda ukingo wa kitambaa. Bango lilikuwa limepigiliwa juu ya mlango, shuka bado juu yake. Kaka akatoa hotuba nzuri kuhusu jasho la mama. Watu walipangusa macho. Kisha akavuta shuka.

Makofi yalianza, yakafika nusu, yakakatika.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akasema masikio yamehama. Mwingine akamwambia anyamaze. Wengi walikuwa wanatazama bango, halafu wanatazama dirisha la kioo lililo chini yake, halafu wanarudi kwenye bango, kwa sababu kichwa kilichokuwa juu na kichwa kilichokuwa ndani vilikuwa kimoja, kimekaa vilevile, kilemba kilekile. Jirani muuza ndoo safari hii alimjua. Alisema tu, "Ni Mama."

Kaka uso ulimbadilika. Akamvuta dada yake pembeni, lakini barabara imejaa hivyo pembeni ni wapi? Kila mtu alisikia.

"Nilikwambia nini? Umemdhalilisha mama mbele za watu."

"Nimemchora anavyokaa."

"Kila mtu ana mahali pake katika nyumba. Mimi ndiye mkubwa. Sikio halipiti kichwa."

Sasa methali hiyo, wewe na mimi tumefungwa nayo midomo mara ngapi? Mdogo akitaka kusema neno, anapewa hiyo, anakaa chini. Kiberiti hakukaa. Wala hakupaza sauti, jambo lililowashangaza waliomjua.

"Linapita, kaka. Kichwa kikiinama, sikio hupanda juu yake. Ndiyo kazi yangu, naijua. Ingia ndani ukamwangalie."

Kaka hakuingia. Akaita vijana walete ngazi na rangi nyeupe, bango lipakwe sasa hivi. Kiberiti akaenda kusimama mbele ya ngazi, mikono kiunoni, na mtu wa kumwondoa hakupatikana. Sikio Moja alikohoa tu.

Katika zile kelele cherehani ilinyamaza. Mama akatoka. Alitoka kama kawaida yake, anatazama chini, anapita katikati ya viatu vya watu na kuvisalimia kimoja kimoja. Akavifikia viatu vya mtoto wake wa kike vilivyochafuka rangi, akauliza kuna nini hapa mnagombana.

Kaka akasema si kitu, mama, ni kosa dogo la mchoraji, litafutwa leo hii hii, rudi ndani jua kali. Kiberiti yeye akanyoosha tu mkono juu, kwenye bango.

Mama alipata taabu kutazama juu. Ilibidi ashike kisogo kwa mkono wake mwenyewe na kukisukuma, kwanza macho yakafika mlangoni, yakafika kwenye fremu, yakapanda hadi ubaoni. Akakaa hivyo muda mrefu. Machozi yale ya siku zote yalikuwa yanamtoka, hivyo huwezi kusema kama alikuwa analia.

"Ndivyo ninavyoonekana?" akauliza.

"Ndivyo, mama," Kiberiti akasema. "Tangu nilipoanza kukuona."

"Na wewe unanionaje?" Hilo alimuuliza kaka.

Mkurugenzi akatazama bango, akatazama wageni wake, akatazama ncha za viatu vyake. Nadhani naye, kama alikuwa mkweli, aliuona utosi ule uliompulizia kidonda, lakini hilo ni lake na nafsi yake. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Mama, watu wamekuja. Tafadhali."

"Nawaona," mama akasema.

Na kweli alikuwa anawaona. Alikuwa hajateremsha kichwa. Mkono umeshika kisogo, shingo inatetemeka, anawatazama mmoja mmoja usoni, watu aliowapima viuno na mabega na kuwajua kwa viatu, sasa anajua na sura zao. Wengine walishindwa kuyastahimili macho yale, wakajifanya wanatafuta kitu mfukoni. Kisha akaitoa ile futi shingoni, akaikunja vizuri kama afanyavyo jioni akifunga kazi, akamwekea mwanawe wa kiume mkononi.

"Duka zuri, mwanangu, na cherehani nzuri. Tafuta fundi. Jina langu lifute. Kichwa changu nipe, naondoka nacho."

Kaka akasema mama, mama, ngoja tuzungumze nyumbani. Mama akamwambia nyumbani walishazungumza, wakiwa mezani, na yeye akacheka. Hakumwambia kwa ukali. Hata alimpapasa shavu, ila hakurudi ndani.

Aliyepanda ngazi kung'oa misumari alikuwa Sikio Moja, bila kuombwa na mtu. Ubao ulikuwa mzito. Kiberiti akataka kuubeba peke yake kichwani, mama akakataa, akasema kitu ni chake na yeye atashika upande wa mbele. Basi wakaondoka hivyo katikati ya barabara kubwa, mama mbele, mtoto nyuma, na ule uso umelala kati yao. Watu waliwapisha. Mama alitembea polepole sana kwa sababu alikuwa anatazama kila kitu: maghorofa, nyaya, watu wa madirishani, nguo zilizoanikwa juu. Mara mbili nzima alikaribia kujikwaa, na Kiberiti akimwambia atazame chini anajibiwa kwamba huko kote anakujua.

Walipofika uani wakauegemeza ubao ukutani. Kiberiti akavuta kigoda cha fundi, kile mama alichozoea kukalia, akakifuta vumbi ili mama apumzike. Mama akakitazama, akakisogeza kwa mguu mpaka mbele ya binti yake.

"Hilo la kwanza umelichora vizuri, sina neno. Sasa nichore jingine," akasema. "Ila safari hii wewe kaa chini. Mimi nasimama."